Bunduki Iliyofukizwa

Kabla sijafika kwa yule mzee waliyemfunga kwenye nguzo ya mashine ya kusaga, niseme kwanza nilivyoijua kazi, maana wapo watu mpaka leo wanaosema siku ile nilibahatisha. Sikubahatisha. Mimi ni mtu wa darasa la nne, la tano nililiacha njiani, lakini kioo nakijua kuliko wengi wenye vyeti, na nilikijua kwa kupigwa.

Aliyenifundisha alikuwa bruda mmoja mzungu wa misheni huku juu Umatengoni, aliyekuwa akitengeneza hadubini za hospitali, kamera, na miwani ya mapadri. Niliingia kwake kufagia. Mwaka wa pili akanipa kitambaa cheusi, taa ya mafuta na kioo kimoja cha duara, akaniambia nihesabu viputo vilivyomo. Nikasema hakuna. Akanipiga vifundo vya vidole kwa rula ya shaba. Nikasema kimoja. Akanipiga tena. Vilikuwa vitatu. Kiputo ndani ya kioo hukioni ukikitazama mbele kwa mbele. Unaweka kitambaa cheusi nyuma, taa unaileta ubavuni, na kiputo kinawaka chenyewe. Jambo hilo angeweza kunieleza kwa mdomo. Alinipiga mpaka nikaligundua mwenyewe, na kidole changu cha kati hakinyooki mpaka leo.

Baada ya viputo, mikwaruzo. Alikuwa na kipande cha kioo chenye mikwaruzo kumi aliyoichora kwa makusudi, kuanzia mwembamba kuliko unywele hadi mnene kama uzi wa wavu wa usipa, dagaa wa ziwani. Mkwaruzo wowote wa kioo cha mteja unaulinganisha na ile, unasema huu ni wa tatu, huu ni wa saba. Wa tatu unavumilika. Wa saba, kioo hicho tupa. Kisha mawimbi, na hayo ndiyo mabaya kuliko yote, kwa sababu kioo chenye wimbi ni kisafi, kinang'aa, mteja anakipenda. Ukikoroga sukari kwenye glasi ya chai ya rangi, kabla haijayeyuka yote unaona vimistari vinaogelea. Kioo kilichopikwa vibaya kinabaki na vimistari hivyo milele. Ili kuvijua, unaning'iniza uzi wenye jiwe chini, unautazama kupitia kioo, unakisogeza polepole. Uzi ukikunjika, wimbi lipo. Na unapima umekunjika kiasi gani kwa unene wa uzi wenyewe: nusu uzi, uzi mmoja, uzi na nusu.

La mwisho ni gundi. Kioo cha mbele cha darubini si kimoja, ni viwili vimegandishwa kwa gundi ya utomvu, na ukitazama huwezi kujua ni viwili. Gundi ikiachia, rangi za upinde wa mvua zinaingia katikati, kama mafuta ya taa yaliyomwagika kwenye maji. "Moto na mvuke hapana karibu," bruda alikuwa akisema kwa Kiswahili chake cha kukatakata. Siku moja nilisahau kioo juu ya birika. Sitaeleza alinifanya nini. Nilikuwa na miaka kumi na saba, ndevu zimeshaota, na nililia kama mtoto mdogo.

Aliporudi kwao nikafungua kibanda changu Mbinga mjini, karibu na stendi. Kwa kibanda hicho nimesomesha watoto watano na nimejenga nyumba ya matofali ya kuchoma. Kila mwezi nilikuwa nashuka ziwani na sanduku langu, siku moja Mbamba Bay, halafu vijiji vya kusini kuelekea Chiwanda, napima watu macho na kuwapatia miwani.

Katika kijiji kimojawapo, ambacho sitakitaja, nilikuwa na mteja mzee kunizidi, fundi wa kuchonga mitumbwi. Mkewe alikuwa amefariki, watoto wamehamia mbali. Kazi yake ilikuwa ya moto na moshi, anachoma gogo kwa ndani ili alilainishe, na macho yake yalikuwa mekundu miaka yote. Hakuwa mtu wa kupendeza. Ukimpita bila kumwamkia alikutukana, na ukimwamkia aliitikia kama unamdai. Nilimtengenezea miwani ya kuonea karibu, akaichukua bila kusema asante.

Mwaka ule mamba alihamia kwenye ufuo wao. Wanyasa wanamwita ng'ona. Alianza na mama mmoja aliyekuwa akiosha masufuria, saa nne asubuhi, watu wanaona. Kilichopatikana ni mguu. Kijijini kulikuwa na mwindaji mwenye bunduki ya kibali aliyoirithi kwa baba yake, ina darubini juu ya mtutu, wakamwomba amuue huyo mnyama. Mara ya kwanza alimlenga yuko mbali majini, kichwa tu kinaonekana, akamkosa. Hapo hapana ajabu, yeyote angemkosa. Lakini watu walimcheka, na mwindaji akichekwa anakuwa mgonjwa. Alichoifanyia bunduki baada ya kuchekwa, nitakisema mahali pake, maana mimi mwenyewe nilichelewa kukijua.

Wiki iliyofuata alimkuta mamba amelala juu ya jiwe, hatua hamsini, mdomo wazi, anaota jua. Mwindaji akaegemeza bunduki kwenye mtumbwi uliopinduliwa, akalenga bila haraka. Risasi ya kwanza ikapiga jiwe. Ya pili ikapiga maji. Mamba akateleza, akazama. Mtu aliyezoea kuangusha nguruwe pori anayekimbia alikuwa amemkosa mnyama aliyelala, na waliokuwa naye walirudi kijijini wakisimulia.

Siku mbili baadaye yule mamba alimchukua kijana mmoja aliyekuwa akivuta wavu, maji ya kiunoni. Kaka yake alikuwa ameshika kamba ya upande wa pili. Alivuta upande wake, mamba akavuta wake. Wavu ulifika nchi kavu na nusu ya mtu.

Basi hapo neno likatoka: huyu si mamba wa Mungu, ni mamba wa mtu. Walimwendea mganga. Mganga hakutaja jina, alikuwa mjanja. Alisema tu kwamba mwenye mamba ni mzee, anakaa peke yake, na macho yake yanawaka. Kijiji kizima kilikuwa na mzee mmoja wa namna hiyo.

Nilifika kwa pikipiki asubuhi hiyohiyo waliyomkamata, sanduku mapajani. Nilisikia kelele toka barabarani. Mbele ya mashine ya kusaga palikuwa na watu kama mia, na katikati yao yule mteja wangu amefungwa kwenye nguzo ya baraza kwa kamba ya wavu. Kamba ile ni nyembamba, inakata. Mikono ilikuwa imevimba na kuwa myeusi. Sikio moja lilikuwa limechanika, damu imeganda shingoni. Miguuni pake palikuwa na tairi la gari, na kando ya tairi dumu la petroli la mashine ya boti.

"Shikamoo mzee," akanisalimia kaka wa marehemu. Alinisalimia kwa adabu kabisa, mkononi ameshika kafi lenye damu.

"Marahaba. Mnafanya nini?"

"Tunamaliza kazi. Kaa kivulini, tukimaliza utatupima macho."

Watu wakacheka. Mama mmoja mnene, mwenye kuuza chakula pale mashineni, akasema, "Huyu naye ni mwenzake. Si ndiye aliyempa miwani? Anamwonea mamba wake chini ya maji kwa miwani hiyo."

"Mmatengo, rudi kwenye mashimo yako," mwingine akadakia. Watu wa ziwani hututania sisi wa milimani kwa mashimo ya ngoro tunayolimia. Siku nyingine ningemjibu mpaka ajute.

Yule mzee akainua kichwa. "Fundi," akasema, "wameikanyaga miwani yangu."

Kaka wa marehemu akampiga kafi la tumbo.

Nikauliza ni nani aliyesema mzee huyu ni mchawi. Wakaniambia bunduki yenyewe imeshuhudia, maana mamba aliyelala hakosewi mara mbili. Mwindaji alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mashine, bunduki magotini, hamtazami mtu. Nikamwendea.

"Nipe niitazame."

"Bunduki ya kibali haishikwi na mtu mwingine, mzee wangu."

"Sitaki bunduki yako. Nataka kioo."

Nilichutama pale pale mbele yake, nikakiinamia kioo cha mbele cha darubini, nikageuza kichwa mpaka mwanga wa jua ukapita ubavuni. Upande wa kulia palikuwa na rangi. Kijani na zambarau, ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo, na nilipopumulia rangi haikuondoka, maana ilikuwa ndani. Nakiri nilifurahi. Mtu anavuja damu hatua kumi kutoka kwangu na mimi nimefurahi, kwa sababu nimeona kasoro ambayo hakuna mtu mwingine toka pale mpaka Songea angeiona.

"Kioo hiki kimeachana," nikasema kwa sauti. "Bunduki hii haipigi inapolenga. Nipeni saa moja niwaonyeshe."

"Marehemu hana saa moja," akasema kaka yake.

"Marehemu haendi popote. Na huyu mmemfunga."

Akanitazama. Nilidhani kafi linakuja. Kisha akasema, "Saa moja. Ukitudanganya, mzee, tairi ni moja lakini petroli inawatosha wawili."

Nikaomba magunia mawili ya makopa ya muhogo, nikayapanga barazani, nikailaza bunduki juu yake ikae imara. Nikamwambia mwindaji achomoe komeo, chuma kile cha nyuma kinachosukuma risasi, mtutu ukabaki bomba wazi. Ukutani kwa ghala la samaki, hatua hamsini, nikatundika sahani nyeupe ya bati. Nikachungulia bomba kutoka nyuma, nikaisogeza bunduki kidogo kidogo mpaka sahani ikakaa katikati ya tundu. Halafu nikachungulia darubini. Msalaba wake haukuwa kwenye sahani. Ulikuwa kushoto, juu ya bawaba ya mlango. Nikamwelekeza mtu mmoja kwa mkono, akachora alama ya mkaa pale msalaba ulipoangukia.

Nilizikagua skrubu zote za kushikilia darubini. Zilikuwa zimekaza. Basi nikaipiga ile darubini kwa kiganja, kofi moja kama mshtuko wa risasi, nikachungulia tena. Msalaba ulikuwa umehama. Alama ya pili. Kofi jingine, alama ya tatu. Nikaenda na tepu yangu kupima: ya kwanza sentimita thelathini na nane kutoka katikati ya sahani, ya pili hamsini na moja, ya tatu arobaini na moja na imepanda juu. Kioo kilikuwa kinacheza ndani ya bomba lake. Hata Mungu asingeweza kulenga kwa kitu kile.

Nikawaita mmoja mmoja.

"Tazama kwenye bomba. Unaona nini?"

"Sahani."

"Sasa kwenye darubini. Msalaba uko wapi?"

"Mlangoni."

Mama wa chakula alichungulia mara tatu. "Mbona sahani imehama?"

"Sahani haijahama, mama. Macho ya bunduki ndiyo yamehama."

Walichungulia karibu wote, wengine wakarudia, wakaanza kubishana wenyewe. Kaka wa marehemu alichungulia wa mwisho. Alikaa pale muda mrefu, kisha akasimama, na nikaona uso wake haukuwa umelegea hata kidogo.

"Kwa hiyo ni kweli," akasema. "Kioo kiko ndani ya chuma. Hakijafunguliwa. Nani aliingia humo akakiachanisha?"

Akageuka, akampiga mzee kafi la mbavu kwa mikono miwili. Nilisikia mfupa. Watu wakapiga kelele za kukubali, na mtu mmoja akalishika tairi. Ndivyo ilivyokuwa: nilikuwa nimethibitisha kasoro, na kasoro yenyewe ikawa ushahidi wao.

Nikamshika mwindaji shati. "Ulipomkosa mara ya kwanza, ukachekwa, bunduki uliifanya nini?"

"Niliifuta."

"Uliifanya nini?"

Akatazama chini. Nikampiga kofi. Nikampiga la pili kwa mgongo wa mkono, pete yangu ikamchana mdomo. Alikuwa mtu mzima mwenye wajukuu, na nilimpiga mbele ya kijiji kizima, na sijutii.

"Niliipeleka ifukizwe," akasema.

"Wapi?"

Akaonyesha kwa kidevu. Mganga alikuwa pale pale, mstari wa mbele, amevaa koti jeusi na kandambili. Basi habari ikatoka yote. Alikuwa amemwambia mwindaji kwamba bunduki imefungwa, inabidi ifunguliwe. Akachemsha nyungu ya majani, akailaza bunduki juu ya mvuke, akaifunika kwa blanketi kama mgonjwa wa homa, toka adhuhuri mpaka alasiri. Bunduki nzima, na darubini yake.

"Dawa yangu haina kosa," akasema mganga. "Mimi nilifukiza chuma. Mchawi alikuwa ameshaingia ndani."

"Sikieni hilo," akasema kaka wa marehemu.

Maneno yasingetosha. Katika sanduku langu nilikuwa na darubini ya macho mawili aliyoniachia bruda, kitu pekee alichowahi kunipa bila kunipiga. Nilikuwa nayo kwa zaidi ya miaka arobaini. Nilikuwa nimekataa kuiuza kwa watalii, kwa polisi, kwa mapadri. Nikaifungua, nikatoa kioo cha mbele cha jicho moja, nikampa kaka wa marehemu. Nikamwambia akielekeze juani, aseme kama anaona rangi yoyote. Akasema haoni. Nikakipitisha kwa watu kumi, kila mmoja akakigeuzageuza. Wakasema ni kisafi. Nikamwendea mama wa chakula, nikaliondoa sufuria lake la maharage jikoni, nikaweka la maji. Yalipochemka nikakiweka kioo kwenye chujio juu ya mvuke, nikafunika kwa mfuniko.

Kisha tukasubiri. Hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli, maana bruda alijua kugandisha, na vipi kama gundi yake ingegoma? Mzee pale nguzoni alikuwa anapumua kwa mlio. Kaka wa marehemu alikuwa anatembea kwenda na kurudi, anaburuza kafi chini.

"Fundi," mtu akaita kutoka nyuma, "kinaiva lini? Tuandae ugali?"

Wakacheka tena. Nikafunua, nikatazama, bado. Nikafunika. Nikafunua mara ya pili, na pembeni mwa kioo rangi ilikuwa imeshaingia, nyembamba kama mwezi mchanga. Nikaacha kidogo tena. Mara ya tatu nikakitoa kwa vidole vitupu, ngozi ikababuka, nikakibana kati ya dole gumba na kidole, nikasukuma. Kikateleza. Kioo kimoja kikawa viwili mbele ya macho yao, nikawashikisha, kimoja mkono huu, kimoja mkono ule.

"Mmekishika wenyewe kikiwa kimoja," nikasema. "Mmeona nilichokifanyia. Sasa nionyesheni mchawi kapita wapi."

Nilianza kwenda nguzoni nimfungue mzee. Nyuma yangu nikamsikia mama wa chakula akisema taratibu, kama anayefikiria kwa sauti, "Kumbe aliyeipofusha bunduki ni mganga."

Sikuwa nimeliwaza hilo. Nilikuwa nimepima kila kitu asubuhi ile ila hilo. Nilipogeuka walikuwa wameshamwangusha. Alipiga ukelele mmoja, halafu nikawa sisikii chochote ila kafi likitua. Wanawake walikuwa wanampiga kwa michi ya kutwangia. Mtu mmoja alisimama juu ya mkono wake. Nilijitupa katikati nikisema hakujua, mjinga hauawi kwa ujinga wake, na kaka wa marehemu akanipiga kiwiko cha mdomo. Nilitema meno mawili. Wakaanza kulivuta tairi kutoka kwa mzee kulipeleka kwa mganga.

Ningeweza kusema nimewadanganya, kwamba kioo changu kilikuwa kibovu tangu nyumbani. Mganga angepona, na mzee angerudishiwa tairi lake. Sikusema. Nilikwenda kwenye magunia, nikaichukua bunduki, nikatoa komeo mfukoni mwangu nilipolitia, nikalirudisha. Mwindaji alinitazama, mdomo unavuja. Akatia mkono kwenye mfuko wa shati, akanipa risasi moja.

"Mwacheni," nikasema. "Nitapiga."

Kaka wa marehemu akainuka kutoka juu ya mganga, kifua kinapanda na kushuka. "Piga, mzee. Wewe hujawahi kupiga hata kanga."

"Sijawahi. Nakulenga kifua, na bunduki hii mmeipima wenyewe, kila mmoja wenu amechungulia. Itakayempata, sijui."

Waliokuwa kushoto kwake wakasogea. Waliposogea, waliokuwa kulia wakaona wao ndio wamebaki, wakasogea nao. Waliokuwa nyuma wakakumbuka alama iliyopanda juu, wakainama. Mtu mmoja akasema, "Mzee, ielekeze ziwani basi," na mwingine akamjibu, "Akiielekeza ziwani itatupiga sisi." Wakatawanyika kama kuku. Tairi likabaki chini, mganga akabaki chini, na kaka wa marehemu akabaki peke yake amesimama na kafi lake.

Alinijia. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu leo, alikuwa ameivuta nusu ya ndugu yake kwa mikono yake. Lakini alikuwa ameinua lile kafi juu ya kichwa changu. Niliuinamisha mtutu, nikaacha darubini, nikauelekeza kama unavyomwonyesha mtu kitu kwa kidole, nikapiga ardhi mbele ya miguu yake. Risasi ikapasua jiwe, na kipande cha jiwe kikamfungua mguu toka chini ya goti mpaka kifundo, mfupa ukaonekana mweupe. Alianguka akinitukania mama yangu.

Polisi walifika jioni. Nililala mahabusu siku mbili kwa kufyatua bunduki isiyo yangu, nikatolewa. Yule kaka anachechemea mpaka leo, tukikutana ananiamkia na mimi naitikia. Mganga alipoteza jicho moja na kusikia kwa sikio moja, akahama na watu wake, sijui aliko. Mwindaji aliporudishiwa bunduki yake aliing'oa darubini kabisa, na kabla ya mvua kuanza akamuua mamba kwa risasi moja, kwa macho yake matupu.

Mwezi uliofuata nilishuka kumwona mzee. Alikuwa amelala ubavu kwenye kitanda cha kamba, mbavu tatu zimevunjika, kifua kimefungwa shuka. Nilitegemea atashukuru. Watu wengi wangeshukuru.

"Kile kioo cha kushoto ulinipa kibaya," akasema.

"Miwani ilikanyagwa, baba."

"Kabla ya kukanyagwa. Toka siku ya kwanza. Nikiutazama ukingo wa mtumbwi unapinda hapa." Akaonyesha pembeni ya jicho. "Nilidhani ni uzee. Mitumbwi miwili imetoka imepinda."

"Kioo changu hakipindi."

"Kipime. Si ndiyo kazi yako?"

Mabaki ya miwani yalikuwa kwenye kopo chini ya kitanda. Cha kulia kilikuwa kimesagika, cha kushoto kilikuwa na ufa mmoja tu. Nikaning'iniza uzi kwenye boriti ya nyumba yake, nikafunga jiwe, nikangoja litulie. Nikakisogeza kioo. Upande wa pembeni, mbali na ule ufa, uzi ukakunjika. Uzi na nusu. Nilipima mara tatu nikitafuta namna ya kukataa, na mara zote tatu ulikunjika palepale. Bruda angenivunja mkono.

"Kimepindishwa na kukanyagwa," nikamwambia.

Kioo hakipindi kwa kukanyagwa. Kinavunjika tu. Yeye alikuwa fundi kama mimi, alijua. Alinitazama kwa yale macho yake mekundu, akasema, "Haya, fundi."

Nilimkatia kingine, na kabla ya kukipeleka nilikitazamia uzi siku mbili nzima, asubuhi na jioni. Aliishi miaka mitatu zaidi, akachonga mitumbwi mingine minne, yote imenyooka. Ile miwili ya kwanza bado iko majini kule, nimewahi kuipanda yote, na yote inavuta kushoto.